Afisa Utumishi na Afundishwe Kazini

Mtumishi anayestaafu baada ya kuitumikia Serikali kwa miaka thelathini na zaidi hutegemea karatasi chache sana: barua ya kuajiriwa, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa daraja, na cheti cha kuzaliwa ambacho tarehe yake inalingana na hizo zote. Ikikosekana moja, mzee wa Wete au Mkoani huanza safari za kuja Unguja, na nauli ya boti hulipa yeye mwenyewe. Anayelikwamisha jalada lake si lazima awe mtu mwovu. Mara nyingi ni kijana mwenye shahada ya usimamizi wa rasilimali watu, aliyefaulu mitihani yake vizuri, ila hakupata mtu wa kumwonyesha jinsi jalada linavyofunguliwa, linavyotiwa namba na linavyofungwa.

Kwa ajili hiyo tunapenda kuwaelekeza wasomaji wetu, na khasa wakubwa wa afisi za Serikali, kwenye utaratibu ulioanzishwa England mwaka 2015. Kwa utaratibu huo kijana huajiriwa kwanza, ndipo husomeshwa. Ana mkataba, ana mshahara, na shahada yake huipata akiwa kazini. Ada ya chuo halipi yeye, wakati mwenzake anayesoma kwa njia ya kawaida hutozwa zaidi ya pauni 9,000 kwa mwaka na huanza maisha akiwa na deni. Fedha hutoka kwa waajiri wenyewe. Tangu Aprili 2017, mwajiri ambaye mishahara anayolipa inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka hutozwa nusu ya asilimia moja ya ziada hiyo, na hurejeshewa kwa njia ya mafunzo. Kanuni za mwanzo ziliamuru kwamba moja ya tano ya saa za kazi za mwanagenzi iwe ni ya masomo, na mwajiri hakuruhusiwa kuila.

Fani ya utumishi imo katika mpango huo, kuanzia ngazi ya karani msaidizi hadi ile inayolingana na shahada ya uzamili. Wala si ajabu. Fani yenyewe ilizaliwa kazini. Mwaka 1896 kiwanda cha chokoleti cha Rowntree, katika mji wa York, kilimweka mwanamke mmoja, Mary Wood, aangalie hali za wafanyakazi wanawake na watoto. Hapakuwa na shahada ya kazi hiyo popote duniani. Chama cha watu wa kazi hiyo kiliundwa York mwaka 1913, na darasa likafuata baadaye.

Faida ya kusoma hivi haionekani katika cheti, bali katika wiki moja ya mwanagenzi. Siku ya Jumatatu ameandika muhtasari wa kikao cha nidhamu. Siku ya Ijumaa mwalimu anamfundisha sheria ya kuachishwa kazi, naye anatambua papo hapo kwa nini mwenyekiti wa kikao kile alisisitiza mtuhumiwa apewe mashtaka kwa maandishi na muda wa kujibu. Mwenzake aliyekaa chuoni miaka mitatu amekariri kanuni ileile, lakini hajapata kuuona uso wa mtu anayekaribia kupoteza riziki yake.

Hatusemi kwamba ni njia nyepesi. Mwanagenzi hana likizo ndefu za chuo. Jioni, wenzake wa afisini wanapokwenda Forodhani kupunga upepo, yeye anaandika insha. Afisini huonekana mwanafunzi. Chuoni huonekana mgeni. Tena amebebeshwa mzigo ambao katika visiwa vyetu ni mzito kuliko England: anajua mishahara ya watu, maradhi yao na barua zao za onyo. Huku kwetu anayepewa onyo huenda ni mjomba wake, na mgonjwa huenda ni jirani wa ukuta kwa ukuta. Kunyamaza kwa namna hiyo hakutahiniwi kwa karatasi na kalamu. Hufunzwa na mkubwa wa kazi anayenyamaza yeye kwanza.

Watatuambia kwamba mafunzo kwa vitendo yapo tangu zamani. Yapo. Ila tuseme kweli: kijana huletwa afisini kwa wiki chache, hupewa kazi ya kutoa vivuli vya barua na kuagiziwa chai, kisha fomu yake hutiwa sahihi na mtu asiyelijua jina lake. Fundi wa milango ya nakshi hamfundishi mwanagenzi wake hivyo, wala fundi wa majahazi wa Nungwi. Humkabidhi kazi ndogo, akaiharibu, akairudia, mpaka mkono ukazoea, na jina la fundi huwa dhamana ya kazi ya mwanafunzi.

Uzembe katika meza hii una gharama ya taifa zima. Mwezi wa Aprili 2017, uhakiki wa vyeti Tanzania Bara uliorodhesha watumishi 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi. Vyeti hivyo havikuingia serikalini kwa kupitia dirishani. Vilipokelewa, vikatiwa muhuri na kuhifadhiwa majaladani.

England nako yapo ya kuonya. Sehemu kubwa ya fedha za mpango iliwaendea mameneja waliokwisha kuajiriwa, waliojiongezea shahada za juu, hata Serikali yao ikaamua kwamba kuanzia Januari 2026 ngazi ya uzamili igharimiwe, isipokuwa kwa wachache, kwa vijana wenye umri wa miaka 16 hadi 21 tu. Kwetu hatari hiyo ni kubwa zaidi, na ina jina tunalolijua sote: mtoto wa nani huyu? Nafasi zisipotangazwa hadharani na kushindaniwa kwa mtihani, mpango utageuka mlango wa nyuma.

Chuo cha Utawala wa Umma tunacho, na Sheria ya Utumishi wa Umma tunayo tangu mwaka 2011. Tunashauri zichukuliwe nafasi ishirini kwa kuanzia, nusu yake ziwe za Pemba. Vijana wawe na mkataba na posho ya kweli, wapate siku moja ya darasa kila wiki isiyoguswa na mkuu wa idara, na kila mmoja awe na msimamizi aliyetajwa kwa jina katika mkataba wake, ambaye naye atapimwa kwa kazi hiyo. Kazi ya kwanza wapewe majalada ya watumishi waliobakiwa na miaka miwili kabla ya kustaafu, wayakague moja moja na kutafuta barua zinazokosekana wakati wenyewe wangali kazini na wakubwa waliozitia sahihi wangali hai.

Wizara yenye dhamana ya utumishi itakapowasilisha makadirio yake katika Baraza la Wawakilishi, wajumbe wanaweza kuuliza mambo matatu: vijana wangapi watachukuliwa, watalipwa kutoka fungu lipi, na nani atawasimamia wale wa Pemba.