Mume wa Pili, Mkono kwa Mkono

Msomaji wangu, leo tunaongelea mapenzi kupitia makaburi. Usigune, nifuate tu.

Makanisa mengi ya kale ya Uingereza yana vibao vya shaba ya njano vilivyochongwa sura za marehemu wa Enzi za Kati, wale wenye uwezo: makabaila, mapadri, wafanyabiashara wa sufu. Na unaweza kuondoka na picha yao. Unaomba ruhusa (haitolewi kila mahali, shaba huchakaa), unafuta vumbi, unatandika karatasi na kuibana isiteleze, kisha unasugua kwa nta nyeusi ngumu, ile ya mafundi viatu wa zamani. Ni uleule mchezo wa shule wa kuweka sarafu chini ya ukurasa wa daftari na kupitisha penseli. Palipochongwa panabaki peupe, kwingine kunakuwa cheusi. Magoti yatauma, nakwambia.

Sasa, kijijini Trotton, Sussex Magharibi, kuna kibao cha mnamo 1420 cha kabaila Thomas de Camoys na mkewe, Elizabeth Mortimer. Jamaa kavaa chuma mwili mzima. Mwaka 1415 aliongoza ubavu wa kushoto wa jeshi la Waingereza vitani Agincourt. Lakini nta ikifika katikati, unaona mkono wake wa kulia umeshika wa mkewe. Kwenye vibao vingi wanandoa wamekutanisha viganja wakisali, kila mtu na sala zake.

Thomas alikuwa mume wa pili. Wa kwanza, Henry Percy, maarufu kama Hotspur, alimwasi Mfalme Henry IV akauawa Shrewsbury mwaka 1403. Mwili wake ukakatwa vipande, kichwa kikatundikwa York, na miezi michache baadaye Elizabeth akakabidhiwa mabaki akazike. Hebu fikiria! Kisha akaja Shakespeare na tamthilia zake za Henry IV, akampa jina la Kate, na mpaka leo wengi wanamjua kama mke wa Hotspur tu.

Ndivyo tunavyofanya na sisi. Mjane akiolewa tena, utasikia, "Kamsahau mwenzake mapema hivyo?" Na mume mpya anachukuliwa kama wa kushikilia nafasi.

Najua, wajuzi watasema sura za vibaoni zilikuwa za karakana, si za wahusika, na kwamba mikono ya kulia ni alama ya kiapo cha ndoa. Sawa. Hata hivyo, aliyeagiza kazi ile angeweza kuchukua mikono ya kusali kama wengine. Hakuchukua. Mimi hapo naona mapenzi, na sibishani.

Ukifika Trotton, usitoke bila kutazama sakafuni. Yupo Margaret de Camoys, wa mnamo 1310, kibao cha kale zaidi cha mwanamke kilichobaki Uingereza. Yeye kalala peke yake.