Kuridhika kwa Mwalimu wa Sekondari Kutafutwe Darasani

Kuridhika na kazi, kwa maana inayotumika katika makala hii, ni hali ya mtumishi kuona kwamba kazi yake inampa anachostahili na kwamba inastahili nguvu anazoitolea, kiasi kwamba hata akipata nafasi ya kuiacha hana haraka ya kuondoka. Kuhusu walimu wa sekondari nchini Tanzania, wapo wanaosema mshahara ukipanda yote yatakaa sawa, na wapo wanaokumbusha kuwa ualimu ni wito, kana kwamba mwenye wito halipi kodi ya nyumba. Hoja ya makala hii ni kwamba pande zote mbili zinazipita saa ambazo mwalimu yuko mbele ya wanafunzi wake, na yale anayoweza kuyafanikisha katika saa hizo.

Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, pamoja na wenzake walichapisha utafiti uliowahusu wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh, ambamo walitenganisha mambo yanayoizunguka kazi, kama mshahara na usimamizi, ambayo yakikosekana huleta manung'uniko lakini yakiwepo hayatoshi kumfanya mtu aipende kazi, na mambo yaliyomo ndani ya kazi yenyewe, kama mafanikio na kutambuliwa. Mgawanyo huo unasaidia kufikiri, ila katika shule ya kata mpaka wake haukai imara. Daraja la mwalimu, yaani ngazi yake ya utumishi na mshahara, ni fedha na heshima kwa pamoja: mwenye shahada huanzia TGTS D, na akikwama hapo kwa miaka, kama ilivyowapata wengi baada ya upandishaji madaraja kusitishwa mwaka 2016 kupisha uhakiki wa watumishi, hujikuta yuko sawa na vijana aliowafundisha mwenyewe, walioajiriwa juzi.

Pamoja na hayo, mwalimu aliyelipwa stahili zake zote bado anaweza kuichoka kazi. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004 na shule za kata kuenea, na zaidi baada ya ada kuondolewa mwaka 2016, watoto ambao wangeishia darasa la saba wameingia sekondari, na hilo ni jema lisilopaswa kujutiwa. Lakini mwalimu wa Kemia mwenye mikondo minne ya wanafunzi 60, akitoa zoezi moja tu kwa wiki, ana madaftari 240 ya kusahihisha, na hapo bado maandalio ya masomo, zamu na vipindi vya mwenzake ambaye nafasi yake haijajazwa. Haishangazi akianza kuweka alama ya vema bila kusoma. Asiposoma hajui nani ameelewa, na asipojua hilo, kinachombakiza kazini ni mshahara peke yake.

Lugha nayo ina sehemu yake, ingawa mijadala ya maslahi ya walimu huigusa kwa nadra. Wanafunzi wengi waliosoma miaka saba kwa Kiswahili hukuta karibu masomo yote yakifundishwa kwa Kiingereza. Katika kipindi cha dakika 40 mwalimu hueleza tofauti ya asidi na besi kwa Kiingereza na darasa likanyamaza. Hurudia kwa Kiswahili, mikono ikanyooshwa na maswali yakaja. Kisha hurudi ubaoni kuandika kwa Kiingereza maelezo yatakayoulizwa katika mtihani, wanafunzi wakanakili kimya. Furaha ya ualimu imo katika zile dakika chache za maswali, na mfumo unaozifanya ziwe za kuibia unamnyima mwalimu kile hasa alichokifuata chuoni.

Madai ya walimu ya stahili wasizolipwa nayo ni suala la darasani, kwa kuwa kuyafuatilia humtoa mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Tangu mwaka 2009 shule za sekondari za serikali zinaendeshwa na halmashauri, sera iko wizara ya elimu, na mambo ya utumishi yako kwa Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mwalimu anayefuatilia fedha za uhamisho huanzia mlango mmoja na kuelekezwa mwingine, na siku anapopanda gari kwenda makao makuu ya wilaya, vipindi vyake havina mtu.

Wathibiti ubora wa shule, ambao ndio waliochukua nafasi ya wakaguzi wa zamani, huangalia maazimio ya kazi, maandalio na ufundishaji. Wangeweza pia kuandika, kwa kila shule, siku zinazopita tangu mwalimu awasilishe dai hadi alipwe, idadi ya madaftari anayosahihisha kwa wiki, na vipindi vilivyopotea kwa ufuatiliaji; na taarifa hiyo ingesomwa kwenye baraza la madiwani pamoja na matokeo ya kidato cha nne ya shule hizo hizo.