Mkuu wa Stesheni Mwema ni Yupi?

Ndugu wanachama, sisi wa reli hapa Nakuru tunamjua stesheni masta. Wenzetu wa makampuni ya ndege nao wana mkubwa wao kiwanjani, huitwa meneja wa stesheni. Kazi ni mbalimbali, lakini kipimo ni kimoja: siku ya kuchelewa.

Ndege ikikawia, abiria hawamwoni mkurugenzi. Humwona karani wa kaunta, wakamtukana yeye. Meneja mwema hajifichi ofisini. Hutoka mbele akawaambia ukweli. Zamu ikipita saa zake, huandika ovataimu bila kuombwa. Mzigo ukipotea, huuliza kwanza kabla ya kulaumu.

Tena hawafichi watu wake habari. Tarehe 11 Septemba 2024 wafanya kazi wa Kiwanja cha Jomo Kenyatta, Nairobi, waligoma kwa sababu ya mpango wa kukikodisha kwa kampuni ya Adani ya Bara Hindi kwa miaka 30. Walihofia kazi zao, na chama chao kilidai kuonyeshwa karatasi. Mpango wenyewe ulifutwa Novemba 2024.

Basi wajumbe wetu, mkikaa mezani na wakubwa, msidai mshahara tu. Daini pia wakuu wanaosema kweli mapema.