Haki ya Wajenzi wa Piramidi

Wapo wanaoamini kuwa piramidi kuu ya Giza nchini Misri, kaburi la Farao Khufu, ni siri ya hisabati iliyofichwa ndani ya mawe. Hoja yao ni kwamba mzingo wa kitako chake ukigawanywa kwa kimo mara mbili, jibu huwa takribani 3.14, yaani pai. Mwaka 1859 Mwingereza John Taylor alishikilia kuwa wajenzi hao waliongozwa na Mungu. Baadaye wengine wakataja viumbe wa sayari nyingine. Dai hili huvikwa joho la sifa, ilhali ni dhuluma.

Hesabu yenyewe si ya uongo. Kila upande wa kitako ulikuwa dhiraa 440, na kimo dhiraa 280. Mzingo wa dhiraa 1,760 ukigawanywa kwa 560, jibu ni 22/7. Hata hivyo, Wamisri walikuwa na kipimo chao cha mwinamo, walichokiita seked: idadi ya viganja ambavyo ukuta huingia ndani kwa kila dhiraa moja ya kupanda. Dhiraa ya kifalme ilikuwa na viganja 7. Seked ya Khufu ni viganja 5 na nusu, na fundi akiifuata, 22/7 hujitokeza bila kuitwa.

Piramidi ya Khafre, mwanawe Khufu, ina seked ya viganja 5 na robo. Hapo hesabu ile ile hutoa 3 tu. Ikiwa pai ilikuwa siri takatifu, mbona mwana aliitupa? Isitoshe, karatasi ya mafunjo iliyonakiliwa na Ahmes yapata mwaka 1550 K.K., karne 10 hivi baada ya Khufu, ina maswali ya seked za piramidi, na kanuni yake ya eneo la duara hutoa takribani 3.16, wala si 22/7.

Msemaji wa Kiswahili, lugha yenye dhiraa, shibiri na wanda, hapaswi kushangaa kuwa mkono wa binadamu ulitosha kuongoza kazi kubwa kiasi hicho. Fahari ya Afrika haihitaji miujiza ya kuazima. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Wamisri wasifiwe kwa seked waliyoibuni, si kwa pai waliyobandikwa.