Seva Imekutosa? Usipagawe, Sikiliza Jibu la Hodi

Wiki hii tunaweka kando mitindo na mapenzi, ingawa kutoswa kumo.

Tuseme wewe mtoto wa mjini umepata kibarua Yaeda Chini, kule Mbulu, kwenye bonde la Wahadzabe wenye hati ya kimila ya ardhi yao tangu 2011, na misitu inayowaletea fedha za hewa ukaa. Kesho ripoti inatakiwa, na mafaili yako kwenye seva ya Linux iliyoko Arusha. Unajaribu kuingia, inakutosa. Kasheshe!

Wengi hapo hulaumu neno la siri. Wanalibonyeza mara ishirini, kumbe ndio wanaharibu. Washikaji, kuingia kwenye seva ya mbali ni kupiga hodi, na kila jibu lina maana yake.

Jibu la kwanza ni kimya. Unangoja weee, mpaka unaambiwa muda umekwisha. Hapo hodi haikufika: mtandao umekata, anwani umekosea, seva imezimwa au ukuta wa ulinzi umeimeza. Neno la siri halijaulizwa bado, kwa hiyo liache. Panda kilimani ukatafute mtandao.

La pili ni kukataliwa papo hapo. Mara nyingi nyumba ipo ila langoni hakuna bawabu: programu ya SSH imelala, au mtu kahamisha lango kutoka namba 22 ya kawaida. Mpigie simu aliye karibu na seva aikague.

La tatu, umeitikiwa lakini unaambiwa huna ruhusa. Sasa ndiyo kagua jina, herufi kubwa na ndogo, na ufunguo wako. Faili la ufunguo likiwa wazi kwa kila mtu, SSH hulikataa. Lifunge ulisome wewe tu, amri yake ni chmod 600.

Hodi ni tatu, na SSH nayo kwa kawaida hukuuliza neno la siri mara tatu, kisha inakata. Uking'ang'ania, seva nyingi zina mlinzi wa kuifungia anwani yako, na hapo hata neno sahihi halitapita mpaka kifungo kiishe. Ukali huo una sababu: Tatu Ylönen aliitunga SSH huko Finland mwaka 1995, baada ya wezi wa maneno ya siri kuvamia mtandao wa chuo chake.

Ukionywa kwamba utambulisho wa seva umebadilika, usipuuze. Muulize msimamizi kwanza: huenda wameweka mashine mpya, au kuna tapeli katikati.

Mwisho, ukishaingia na ukataka kubadili mipangilio, usifunge dirisha ulilonalo mpaka ufungue la pili na likubali. Ukijifungia nje ukiwa Yaeda Chini, ufunguo wa akiba ni basi la kwenda Arusha, na ripoti haisubiri basi.

Haya, tukutane wiki ijayo. Poa?