Mwalimu afuatwe darasani, semina pekee haitoshi

Tangu Serikali ilipofuta ada katika shule za umma hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016, mjadala wa elimu katika vitongoji vinavyokua vya Dar es Salaam kama Mbezi Luis umekuwa wa madarasa na madawati. Ni mahitaji ya kweli, lakini ukuta haufundishi. Mtoto husoma au hukwama kwa namna mwalimu anavyofundisha, na njia tuliyoizoea ya kumwendeleza mwalimu ni kumwita semina, kisha kumwacha peke yake. Afrika Kusini waliipima njia hiyo. Kuanzia mwaka 2015, katika jimbo la North West, walimu wa shule 50 walipewa semina, na wa shule nyingine 50 wakatembelewa darasani na mwalimu mlezi. Maandalio ya masomo na vitabu vilikuwa vilevile. Baada ya miaka miwili, maendeleo ya ziada ya kusoma katika shule zilizotembelewa, yakilinganishwa na shule zisizopewa msaada, yalikuwa karibu maradufu ya yale ya shule za semina. Kenya nayo, kupitia mpango wa Tusome, iliwapeleka maafisa wake darasani kuangalia somo, kusikiliza watoto wachache wakisoma, kisha kuketi na mwalimu.

Wapo watakaosema mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kusaidiwa kwa ushauri. Huyo ndiye anayeuhitaji zaidi: awapangeje watoto, amuulize nani, amtambueje aliyeachwa nyuma. Walimu nao huhofia ukaguzi uliobadilishwa jina, na hofu hiyo ina msingi. Kwa hiyo wathibiti ubora wabaki na kazi yao, na anachokiona mlezi kisiingie katika tathmini ya kupandishwa daraja. Kuhusu gharama, hatuanzi na mikono mitupu. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) unawataka walimu wajifunze pamoja shuleni, na kila kata ina afisa elimu; mwaka 2018 Serikali iliwagawia maafisa hao pikipiki ili wazifikie shule. Kinachowazuia ni vikao, takwimu na taarifa zisizokwisha. Manispaa ya Ubungo, na nyingine zote za jiji, ziwapunguzie makaratasi, ziwape mafunzo ya ulezi na kuwatengea angalau siku tatu kwa wiki za kukaa darasani. Afisa elimu kata apimwe kwa walimu aliowasaidia, si kwa taarifa alizowasilisha.