Ganda la Risasi Ni Shahidi: Lisiuzwe wala Lisijazwe Tena

Baada ya uvamizi wa wezi wa mifugo, aghalabu watoto ndio hutangulia kufika mahali pa mapigano. Huokota maganda ya risasi yaliyotapakaa mchangani. Mengine huwa vichezeo, mengine huishia kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa kuwa shaba ina bei. Marehemu hata hawajazikwa, na ushahidi umekwisha kuuzwa kwa kilo. Desturi hii haina budi kukomeshwa, nasi waamini tuanze katika jumuiya zetu ndogo ndogo.

Yafaa tufahamu ganda ni kitu gani. Risasi inapofyatuliwa, kinachoruka ni kichwa chake; ganda lililobeba baruti hubaki nyuma, na bunduki nyingi hulitupa kando ya mpigaji. Kwenye kitako chake kwa kawaida pamegongwa alama ya kiwanda, na mara nyingi mwaka lilipotengenezwa. Zaidi ya hayo, kila silaha huliachia ganda mikwaruzo yake: ya kipini kilichogonga fataki, na ya kichuma kilicholivuta nje. Mtaalamu akiyaweka maganda mawili chini ya hadubini aweza kueleza kama yalitoka katika silaha moja.

Haya si maneno matupu. Mwaka 2008 taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilichapisha uchunguzi uliofanywa Turkana Kaskazini. Alama za risasi zilizokuwa mikononi mwa raia zililinganishwa na zile za vikosi vya usalama, ikaonekana kwamba karibu nusu ya risasi zilizozagaa huko kinyume cha sheria zilitoka kwa polisi wa Kenya, nazo zilitengenezwa katika kiwanda cha serikali kilichoko Eldoret. Sehemu yake ilitolewa kwa makusudi, ili wafugaji wajilinde dhidi ya majirani wenye silaha. Naielewa hofu iliyozaa uamuzi huo, lakini siukubali: risasi iliyotolewa kulinda zizi haizuiliki kutumika katika uvamizi wa kesho. Na bila vitako vile vidogo vya shaba, nani angelithubutu kusema jambo hili mbele ya wakubwa?

Huko Marekani, kujaza upya maganda ya bastola ni jambo halali miongoni mwa wapiga shabaha. Ganda lenye ufa hutupwa. Lenye mkwaruzo mdogo husafishwa, likatiwa fataki, baruti na kichwa kipya. Fundi wa kwetu asishawishike kuiga. Kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai, na ganda lililochoka laweza kupasuka likamjeruhi mpigaji. Linalonisumbua zaidi ni kwamba ganda lililojazwa tena hubeba mikwaruzo ya silaha mbili, na mwaka ulio kitakoni hauelezi tena risasi ile ilitoka ghala gani. Shahidi huyo amevurugwa ulimi.

Wapo pia wanaofua misalaba kwa maganda haya. Siidharau kazi yao. Nabii Isaya aliona mikuki ikifuliwa kuwa miundu. Ila ganda la uvamizi wa juma lililopita lifike kwanza mbele ya hakimu, ndipo liende kwa mhunzi.

Wengine watauliza: kwa nini tuwatunzie polisi ushahidi, hali pengine waliofyatua ni wao? Swali hili ni la haki. Ndiyo maana ushahidi usiwe mikononi mwa mtu mmoja. Maganda yaachwe yalipoangukia, watoto wazuiwe, na wazee wawili pamoja na katekista wayahesabu bila kuyagusa. Yapigwe picha kwa simu, kitako kionekane, na tarehe, saa na mahali viandikwe katika daftari la parokia. Mvua ikitishia kuyasomba kabla wapelelezi hawajafika, yaokotwe kwa kijiti na kutiwa kila moja katika bahasha yake ya karatasi, mashahidi wakitia sahihi. Afisa atakayeyapokea naye atie sahihi. Ikiwa anayetuhumiwa ni askari, nakala ipelekwe kwa IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 kuchunguza mienendo ya polisi, na nyingine ibaki katika ofisi ya Tume ya Haki na Amani jimboni.